Nusu ya Barua ya Leonia

Ujiji,
11 Agosti 2019

Ndugu yangu Leonia,

Assalam aleykum, na amahoro, usije ukasema nimesahau lugha yenu. Sisi wazima. Kesho ni Idd, na mbuzi wa jirani analia tangu alfajiri kama mtu aliyeambiwa.

Tangu Martini, dereva wa lori, aniletee habari mwezi wa sita kwamba kambini kuna mwanamke wa Rumonge, Burundi, aliyesoma shule ya msingi Ujiji, nimekuwa nikijisemea, haiwezi kuwa mwingine. Miaka ishirini na miwili! Mlikuwa mnakaa chumba chetu cha uani mpaka siku walipokuja kuwakusanya wakimbizi, mimi na wewe tuna miaka kumi na miwili, ukaondoka na daftari langu la hesabu. Nisalimie sana mama Verediana. Mwambie mpaka leo sijaonja muhogo wa mawese kama wake.

Sasa nina jambo. Imekuja kampuni inayotaka kuweka mitambo ya upepo ziwani, tena si ufukweni, ndani ya maji kabisa, mbele ya Katonga. Mitambo ishirini na minne. Ziwa lina kina kirefu mno kusimika nguzo, kwa hiyo wanasema itaelea, ifungwe kwa minyororo. Vijana wameipa jina la mapangaboi. Mahali hapo vipe, zile mashua zetu za dagaa, havitaruhusiwa kuvua tena, nawe unajua dagaa wa Katonga ndio uhai wetu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama waanikaji. Tuko sitini na mmoja.

Ugomvi wenyewe uko kwenye simu. Kuna kundi la Facebook linaitwa Ujiji Tuseme, watu elfu kumi na moja, na admini ni mimi. Hapalaliki. Unamkumbuka Faridi, mdogo wangu uliyekuwa ukimbeba mgongoni? Sasa ana karakana ya kuchomelea kule Gungu. Umeme wetu ni wa majenereta, unakatika utakavyo wenyewe, kwa hiyo yeye yuko upande wa mapangaboi. Kaandika, "Dagaa hawachomelei geti." Mama mmoja wa kikundi changu akamjibu, "Na umeme hauliki kwa ugali." Mwingine kaandika kwamba mapangaboi yatapuliza mvua yetu iende Kongo, akapata laiki mia nne. Wote wanapiga kelele, na hakuna hata mmoja anayeujua upepo wenyewe.

Martini aliniambia kazi yako Rumonge ilikuwa kupima upepo. Niandikie basi. Upepo upo au haupo? Barua mpe yeye, lori lake la maharage linatoka Kasulu kuja Gungu kila baada ya wiki mbili.

Wako,
Hasna Ramadhani


Kambini, Kasulu,
25 Agosti 2019

Dada Hasna,

Amahoro. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa kwenye foleni ya maji. Nilipofika kwenye mvua ya kwenda Kongo nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia. Faridi ana karakana! Mimi namjua akiwa na kamasi. Salamu zako zote zimefika. Simu sina, na laini siku hizi zinataka kitambulisho ambacho mtu kama mimi hana, kwa hiyo tuendelee hivi hivi na Martini.

Ni kweli, nilipima upepo bandarini Rumonge miaka tisa. Juu ya paa la ofisi palikuwa na mlingoti wenye vikombe vitatu vinavyozunguka. Nilipanda ngazi asubuhi, saa sita na jioni, nikasoma, nikaandika. Yalijaa madaftari kumi na manne. Nitakujibu ninachokijua.

Upepo upo. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane upepo wa kusini huvuma mchana karibu kila siku, mita saba, mita nane kwa sekunde, na huja kwa saa zake. Mitambo itazunguka. Tena ndiyo miezi ambayo mawimbi huwazuia wavuvi wengi kutoka, kwa hiyo mahali hapo pakifungwa miezi hiyo, hasara ya dagaa ni ndogo kuliko mnavyoogopa. Anayesema ziwa halina upepo anawadanganya.

Kuanzia mwezi wa kumi upepo hulala. Siku nne, siku tano, ziwa linatulia kama mawese kwenye sufuria. Kisha dhoruba inashuka kutoka milimani bila hodi, mita ishirini kwa muda wa robo saa. Mnyororo uliolegea siku tano ukivutwa ghafla hivyo hukatika. Boya la bandari yetu lilikatika mara mbili nikiona kwa macho yangu, na lilikuwa na ukubwa wa meza tu. Waulizeni hao watu: mmepima wenyewe, humu ziwani, mwaka mzima?

Mimi sisemi mkubali wala mkatae. Ukitaka kuwasomea watu, wasomee, kwa masharti mawili. La kwanza, jina langu lisitajwe, wala kambi. Hapa tunaambiwa kila mara tusiingie katika mambo ya wenyeji, na faili langu la kuhamishiwa nchi ya tatu liko mezani. Nimeahidiwa mahojiano mwezi wa kumi na mbili. Nina binti, Dafroza, ana miaka kumi. Tangu ana sita hajalala kwenye nyumba yenye mlango wa mbao.

Sharti la pili, soma yote. Ukisoma nusu utakuwa umewaambia uongo kwa maneno yangu.

Mwenzio,
Leonia


Ujiji,
8 Septemba 2019

Leonia wangu,

Laiti ungeona! Maneno yako nimeyaweka Ijumaa baada ya sala, kwa jina la Mpimaji. Mpaka jana usiku komenti mia tisa na zaidi. Mwalimu mstaafu mmoja kaandika, "Kwa mara ya kwanza mtu amesema kitu humu." Habari ya boya lililokatika imesambaa mpaka Simbo na Kidahwe. Wavuvi wanaisomeana ufukweni, asiyejua kusoma anasomewa. Kina mama wa kikundi wamenipigia vigelegele. Mtu wa kampuni, ambaye siku zote alikuwa akijibu kwa madaha, siku mbili hakuandika neno.

Nimeyafupisha kidogo tu, kwa kuwa watu hawasomi maneno marefu kwenye simu.

Faridi ndiye pekee aliyeuliza, mbele ya watu wote, "Huyu Mpimaji mbona anazungumzia mwezi wa kumi tu? Kiangazi hakupima?" Nikaifuta komenti yake. Jioni alikuja kula, hakunitazama usoni.

Jina lako halijatajwa, usiwe na wasiwasi. Barua yako naiweka sandukuni, chini ya kanga. Na mama je? Hukuniambia hali yake. Miguu bado inamsumbua?

Wako,
Hasna


Kambini, Kasulu,
29 Septemba 2019

Hasna,

Kuna mwalimu hapa mwenye simu. Juzi alikuwa akiwasomea watu mambo ya Kigoma, akasoma maneno ya Mpimaji. Nilikuwa nimesimama nyuma na ndoo yangu. Nikasikia boya langu na dhoruba yangu. Nikangoja asome upepo wa kusini. Akafunga simu.

Nikamwuliza, "Mwalimu, ndiyo mwisho?" Akasema, "Ndiyo mwisho, mama. Huyu mtu anaupinga mradi kwa ushahidi."

Miaka tisa nilipanda ile ngazi, hata siku niliyokuwa na uchungu wa Dafroza. Upepo ukiwa mdogo niliandika mdogo, ukiwa mkubwa niliandika mkubwa. Mkuu wangu wa kazi aliwahi kuniomba nipunguze namba za siku moja ili mashua ya rafiki yake iruhusiwe kutoka. Nilikataa, na alininunia mwaka mzima. Leo wewe, niliyelala nawe kitanda kimoja, umenifanya mtu wa namba za upande mmoja.

Weka ile nusu nyingine.

Leonia


Ujiji,
6 Oktoba 2019

Leonia,

Nimekukosea, nakubali. Lakini nisikilize na mimi.

Wewe uliandika ukiwa mbali. Mimi asubuhi nikifika Katonga wananizunguka wanawake sitini. Wana watoto wa shule, wana waume walioondoka. Wananiuliza, "Katibu, watatufukuza?" Ningewaambia kwamba hasara yao itakuwa ndogo? Kampuni ina watu wa kuisemea, ina picha nzuri nzuri na video. Sisi tulikuwa na barua yako tu. Nikachukua ile sehemu inayotusaidia. Nikiweka nusu iliyobaki sasa, watasema nimenunuliwa. Nipe muda.

Tarehe 23 mwezi ujao kutakuwa na mkutano wa hadhara ukumbini, kampuni na wananchi uso kwa uso. Mtu wa kampuni ameandika kwenye kundi, "Huyo Mpimaji kama yupo kweli, alete madaftari yake." Watu wakaanza kutania kwamba nimemtunga. Nikajibu kwamba madaftari yapo, kumi na manne, na yatakuja siku hiyo. Tafadhali mpe Martini hata matatu tu. Nitayarudisha bila kukunja ukurasa, na huo mkutano nitausomea yote, nusu zote mbili. Naapa.

Faridi haji tena kula.

Hasna


Ujiji,
10 Novemba 2019

Leonia,

Mwezi mzima huandiki. Martini anasema unapokea barua, unasema asante, basi.

Sijui kama yamekufikia. Juzi mtu ameweka kwenye kundi picha ya ukurasa wa kwanza wa barua yako. Mwandiko wako, na juu yake pameandikwa Kambini, Kasulu. Picha nyingine ni ya mwisho, penye jina. Nimezifuta ndani ya saa moja, ila zilikuwa zimeshasambazwa mara nyingi. Upepo wa kusini umo humo, lakini hakuna anayeutazama, wameshika neno kambini tu. Siwezi kukuandikia yote yanayosemwa. "Mkimbizi anatuamulia ziwa letu." "Wanakula bure, na umeme watunyime." Wengine wanakutetea, wengi tu, lakini hao hawapigi kelele.

Sijui ni nani aliyefanya hivi. Barua ilikuwa sandukuni.

Niandikie neno moja tu nijue uko salama.

Hasna


Gungu, Kigoma,
14 Novemba 2019

Dada Leonia,

Shikamoo. Mimi ni Faridi. Nakuandikia bila Hasna kujua, na Martini nimemwomba asimwambie.

Niliyetoa barua yako ni mimi. Nilijua dada ananificha kitu. Siku aliyokwenda Katonga nikaingia chumbani, nikafungua sanduku, nikaisoma yote. Niliposoma ile sehemu ya upepo wa kusini nikapandwa na hasira. Miezi miwili watu walikuwa wananiita kibaraka wa kampuni, wateja wawili wamenihama, na jibu lilikuwa chini ya kanga za dada yangu! Nikapiga picha, nikaziweka kwa jina bandia. Nilitaka watu waone kwamba amekata. Sikufikiri juu ya jina lako. Hiyo ndiyo kweli, dada, sikulifikiria kabisa. Nilisoma kwamba usitajwe, na bado nikaweka.

Usiku ule nikasoma komenti. Waliokutukana walikuwa watu wa upande wangu.

Hasna anajua. Hajaniuliza, ila anajua, ufunguo wa ziada tunao wawili tu. Kama kuna mahali pa kwenda kusema kwamba kosa ni langu, niambie nije.

Mdogo wako,
Faridi Ramadhani


Kambini, Kasulu,
20 Novemba 2019

Hasna,

Martini anashuka kesho, kwa hiyo itakufikia kabla ya mkutano wako.

Niliitwa ofisini Jumatatu. Walikuwa wawili. Mmoja aliweka karatasi mezani, picha ya barua yangu iliyochapwa.

"Huu mwandiko ni wako?"

Ningeweza kukana. Nilimfikiria Dafroza na ule mlango wa mbao. Kisha nikawaza kwamba nikikana, itakuwa wewe umemtunga Mpimaji, na namba zangu zitakuwa za mtu asiyekuwapo.

"Ni wangu."

"Nani alikutuma uingilie mradi wa wenyeji?"

"Sikutumwa. Dada yangu aliniuliza swali nikamjibu."

"Una dada Mtanzania?"

"Ndiyo."

Wakatazamana. Yule wa pili akaandika muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Hawakunitukana, hawakunipiga. Wakaniambia mahojiano yangu yameahirishwa. Nilipouliza mpaka lini, wakasema nitaarifiwa.

Sasa kuhusu madaftari. Wewe umenificha, na mimi nimekuficha. Madaftari hayapo.

Mei 2015 tulivuka kwa mashua kutoka Rumonge, mimi, mama na Dafroza. Mume wangu alibaki nyuma atufuate. Hakutufuata. Tukashuka Kagunga. Ulisikia habari za Kagunga, lakini kusikia ni jambo jingine. Mbele ziwa, nyuma mlima, katikati kipande cha mchanga, na juu ya mchanga huo watu maelfu kwa maelfu wakingoja zamu ya meli. Maji ya kunywa ni ya ziwa lile lile ambamo watu walijisaidia. Kipindupindu kikaingia. Siku ya tano kikampata mama.

Waliniambia nichemshe maji. Kuni hakuna, mlima wote ulikuwa umeshang'olewa mpaka mizizi, na watu walikuwa wakichoma viatu. Mimi nilikuwa na begi moja lenye madaftari yangu, nimeyafunga kwa nailoni yasilowe. Nikaanza na la kwanza. Nilidhani litatosha. Kwa siku mbili niliyachoma yote, moja baada ya jingine, nikizikunja kurasa taratibu ili moto udumu, na macho yangu yakisoma kila ukurasa unapoingia. Ndiyo maana namba zimo kichwani. Nina hakika nazo, ila siwezi kumwonyesha mtu.

Mama alikufa asubuhi ya siku ya tatu ya ugonjwa. Barua ya kwanza ulimsalimia, nami nikaandika kwamba salamu zimefika, kwa sababu wewe peke yako duniani ulikuwa ukizungumza naye kama mtu aliye hai. Nisamehe. Nilitaka aendelee kidogo.

Dafroza alikunywa maji yale yale. Yeye alibaki.

Siku ya mkutano usiwaambie madaftari yanakuja. Waambie yalikokwenda.

Leonia

Faridi ameniandikia. Usimfukuze.


Ujiji,
26 Novemba 2019

Leonia, ndugu yangu,

Barua yako nilipewa Ijumaa sokoni. Niliisomea pale pale, nimekaa juu ya gunia la mtu. Mama alinisuka nywele kwa miaka mitatu. Nimesoma Yasini, najua yeye alikuwa Mkatoliki, sikuwa na kingine cha kumpa.

Nikueleze mkutano ulivyokwenda. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na simu zimeinuliwa juu, watu wanarusha moja kwa moja. Mtu wa kampuni alizungumza nusu saa. Kisha akaulizwa lile swali lako, kama wamepima humu ziwani mwaka mzima. Akasema wana hesabu za satelaiti. Kina mama wakaguna. Naye akageuka, "Basi na ninyi tuonyesheni. Madaftari kumi na manne yako wapi?"

Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikasema, "Kabla ya madaftari, nataka kusoma barua. Niliwahi kuiweka kwenye kundi nimeikata. Leo nasoma yote."

Nikaanza na upepo wa kusini. Nilipofika pale uliposema hasara ya dagaa ni ndogo kuliko tunavyoogopa, mwenyekiti wetu wa kikundi, mama Catherine, akasema kwa sauti, "Hasna, unatuuza!" Sikusimama. Nikasoma mpaka boya, mpaka mwisho. Vijana wa Gungu, wale wanaoutaka mradi, walikuwa wanapiga makofi mwanzoni. Nilipofika kwenye mnyororo wakaacha.

"Madaftari?" akauliza tena yule wa kampuni.

Nikawaambia. Kagunga, mama, maji, moto. Mtu mmoja akapiga kelele nyuma, "Hadithi hiyo! Muongo!" Hapo Mzee Mwinshehe, yule mwenye vipe vinne, anayeupinga mradi kuliko wote, akainuka. Alisema polepole, hakutumia kipaza sauti. "Mimi mashua yangu ilikuwa Kagunga mwezi ule. Niliwaona watu wanachoma viatu. Mwanamke aliyekuwa akichoma madaftari nilimpita, nikasema moyoni kwamba huyu amechanganyikiwa. Sikumpa hata kipande cha ubao, na mashuani mbao nilikuwa nazo." Akakaa chini.

Uamuzi ni kwamba mradi usianze. Kwanza waweke mlingoti wa kupimia ziwani mbele ya Katonga kwa mwaka mzima, mvua na kiangazi, na kila mwezi namba zibandikwe ofisi ya kata, kila mtu azione. Kampuni ilinung'unika ikakubali. Vijana wanasema mwaka ni mrefu. Wavuvi wanasema mlingoti ni mguu wa kwanza wa tembo. Kwa hiyo sina upande unaonipenda. Kina mama wameniondoa ukatibu Jumapili, kura hamsini na nne, na uadmini nimeuacha mwenyewe. Kwenye simu bado wananitukana. Sisomi.

Faridi nimemrudisha mezani. Jana alisema, "Muulize dada Leonia nifanye nini." Nimekuuliza.

Hasna


Kambini, Kasulu,
19 Januari 2020

Hasna,

Mabasi ya wanaorudi Burundi yanaondoka hapa kila wiki. Wengine wanapanda kwa furaha, wengine wamechoka tu kungoja. Mimi bado sipandi. Faili langu nimeliuliza mara nne, jibu ni subiri. Dafroza amepita mtihani wake, amekuwa wa pili.

Huyo Mzee Mwinshehe nimemkumbuka. Mashua yake ilikuwa na ubavu wa kijani. Mwambie sikuwa nimechanganyikiwa.

Sijakusamehe yote. Kukata barua nimekusamehe, kwa kuwa ulisimama ukaisoma. Kuahidi watu madaftari kabla ya kuniuliza, hilo bado linaniuma. Nadhani litapoa. Nimekwambia ili usifikiri limekwisha.

Faridi ameuliza afanye nini. Mama amelala Kagunga bila jina. Mimi kutoka hapa ni kwa kibali, na kibali cha kwenda kaburini sijui kama kipo. Mvua za mwaka huu zinanitia hofu, watu wanasema ziwa linapanda. Faridi anajua chuma. Amwandikie mama jina, mkampelekee. Ukitokea gatini, pita nyumba za mwisho, kuna njia inapanda kuelekea mashamba ya michikichi. Kabla hujapanda, mkono wa ziwani, kuna safu tatu za makaburi. Ya mama ni ya chini, la nne ukihesabu kutoka njiani.

Leonia


Kagunga,
8 Machi 2020

Leonia, ndugu yangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye jiwe, karatasi iko gotini, mashua ya kurudi haijaja.

Tumefika jana mchana, mimi na Faridi, safari ya saa sita kwa mashua kutoka Kibirizi, tumelowa. Jina alilichomelea kwenye bamba la chuma. Umeme ulimkatikia kwenye herufi ya tatu, akangoja siku mbili, hakutaka kwenda kuazima jenereta kwa mtu. Limetoka vizuri: VEREDIANA, MAMA WA LEONIA, 2015. Alitaka kuongeza maua nikamkataza.

Tulielekezwa kwa mwanamke mmoja wa hapa, Skolastika, analima muhogo karibu na makaburi. Yeye ndiye aliyekuwa akifyeka majani miaka yote hii, hakuna aliyemwomba. Alitupeleka asubuhi. Akasimama kabla hatujafika, akanishika mkono, akasema, "Dada, mlisema safu ya chini?"

Leonia, maji yamepanda. Gati limefunikwa nusu. Mchanga ule ulioniandikia haupo, nyumba nne za mbele hazipo. Safu ya juu iko nzima. Ya katikati mawimbi yanailamba. Ya chini imo ziwani, tangu Januari, Skolastika anasema. Niliona nyasi zikicheza chini ya maji, na mistari ya udongo kama matuta. Nilihesabu la nne kutoka njiani, nikahesabu tena. Lipo mahali pake, lakini liko chini ya maji, yanafika magotini.

Nilipokaa hapa kuandika nilikuwa na maneno mengine kichwani. Ningeweza kukuandikia kwamba tumelikuta, tumelifyekea majani, ua limeota. Usingejua kamwe. Nimekuandikia jinsi lilivyo.

Bamba tumelisimamisha juu, penye mwamba, Faridi ametoboa tundu akamwagia saruji. Skolastika ameongoza sala zenu, mimi nimeinua mikono yangu. Amesema ataliangalia pamoja na mengine.

Tulipomaliza nilimwita Faridi tuondoke. Alikuwa amevua viatu, akashuka mteremko, akaingia majini na suruali yake, taratibu, akihesabu kwa sauti. Alipofika la nne akasimama. Maji yalimfika magotini. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Akangoja kidogo, kama anavyongoja mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akarudi ufukweni.

Wako,
Hasna